Uhuru wa Binti wa Mara: Gharama Yake Ailipe Nani?

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, katika vijiji vingi vya wilaya za Serengeti na Tarime mkoani Mara huanza msimu wa ukeketaji. Wazee wa mila hukaa na kupanga siku, ngariba hupelekewa habari, na familia zenye mabinti wa rika hilo huanza kutayarisha chakula na pombe. Koo kadhaa za Wakurya hufuata miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hiyo mwaka wa namna hiyo ukifika hata mtoto wa darasa la tano anajua kwamba zamu yake imekaribia. Ndipo wengine hukimbia. Hutoka vijiji vya jirani na Manchira, kata yenye bwawa linaloupa mji wa Mugumu maji yake, na hutoka mbali zaidi, hadi mpakani na Kenya. Hufika kituo cha polisi, au kwa mwalimu, au kwa mchungaji, mara nyingi usiku, na wengi hawana kitu isipokuwa nguo walizovaa.

Tumezoea kulizungumza jambo hili kwa lugha ya afya na ya sheria, na zote mbili ni lugha za haki. Tangu 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imeufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Takwimu za kitaifa nazo zinatia moyo kiasi: utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 10 katika kila 100 nchini wamekeketwa, na ule wa 2022 ukakuta 8. Mkoani Mara walikuwa 32 katika kila 100, wakashuka hadi 28. Maana yake ni kwamba baada ya zaidi ya miaka 20 ya sheria, Mara bado ina mzigo mkubwa kuliko mikoa mingi. Lakini ipo lugha ya tatu inayotumika sana huko na isiyochunguzwa vya kutosha, nayo ni lugha ya uhuru. Mara ni mkoa wa makanisa. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934, mapadri wa Maryknoll wakaja Musoma mwaka 1946, Waanglikana na Waadventista wana waumini tele, na Wapentekoste hawapungui kijiji hadi kijiji. Jumapili baada ya Jumapili binti husikia kwamba Kristo amemweka huru. Anayemwambia hivyo amemwambia jambo lenye gharama. Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba leo gharama hiyo karibu yote hulipwa na mtoto mwenyewe, na kwamba kwa imani ya Kikristo hali hiyo haikubaliki: anayetangaza uhuru anawiwa na yule anayeupokea.

Tuanzie kwenye andiko lenyewe, kwa sababu wengi huutaja uhuru wa Kikristo bila kukumbuka ulizungumzwa katika ugomvi gani. Waraka wa Paulo kwa Wagalatia, ambao ndio waraka wa uhuru kuliko nyaraka zote za Agano Jipya, uliandikwa kwa sababu ya tohara. Walikuwapo walimu waliowaambia Wakristo wa mataifa kwamba bila kutahiriwa hawajawa watu kamili mbele ya Mungu. Paulo alikataa katakata. Lazima tuwe waangalifu hapa, maana tohara ya wanaume waliyokuwa wakiizungumzia si kitu kimoja na kumkata msichana viungo vyake vya uzazi. Ile ilikuwa alama ya agano tangu Ibrahimu, wakati ukeketaji hauna hata mstari mmoja wa kuusimamia katika Biblia. Lakini tofauti hiyo inaizidishia hoja nguvu. Ikiwa alama iliyoamriwa na Mungu mwenyewe haikuruhusiwa kuwa sharti la mtu kukubaliwa, itakuwaje mila ambayo haikuamriwa popote iwe sharti la binti kuhesabiwa mtu? Na Paulo hakuwa mtu wa kupinga desturi kwa kuwa ni desturi. Alimtahiri Timotheo, aliyekuwa mtu mzima, ili asiwe kikwazo kwa Wayahudi wa eneo lile, akakataa kabisa Tito atahiriwe pale watu walipotaka kumlazimisha. Alichokipinga ni shuruti, na ule uongo kwamba mwili usiokatwa ni wa mtu pungufu.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi anavyoeleza, karibu na mwisho wa waraka, kwa nini wale walimu walishikilia jambo lao. Anasema walitaka kuonekana wazuri mbele za watu na kukwepa mateso. Yeyote anayeijua Mara atalitambua jambo hilo. Wazazi wengi wanaomkeketa binti wamebatizwa, huimba kwaya, hutoa sadaka, na wengi wao hawaamini tena kwamba mzimu wa babu utakasirika. Wanachokiogopa ni majirani. Mama anaogopa kwamba binti asiyekeketwa ataitwa mtoto hadi uzeeni, atasimangwa kisimani, atazuiwa kushiriki shughuli fulani za ukoo, na wifi zake watamgeuza kichekesho. Baba anawaza ng'ombe. Kwa Wakurya, mahari ya binti ndiyo mara nyingi humwezesha kaka yake kuoa, na binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa na thamani kubwa zaidi ya yule ambaye hajakeketwa. Kwa hiyo msichana mmoja akikataa, kijana wa kiume katika nyumba hiyohiyo anaweza kuona mlango wake wa ndoa umefungwa. Ngariba naye ana malipo yake kwa kila msichana, na sehemu ya malipo hayo huwafikia wazee. Wanaosema kwamba elimu peke yake inatosha hawajaitazama hesabu hii. Familia nyingi hazikosi kujua. Zinaogopa kulipa.

Halafu kuna sherehe. Siku yenyewe, baada ya kisu au wembe kupita, wasichana hutembezwa barabarani wamefunikwa khanga, wengine wakikingwa jua kwa miavuli, huku ndugu wakicheza na kuimba, vijana wakipunga mapanga na fimbo hewani. Msichana hupewa fedha, khanga na vitenge. Kwa wengi hiyo ndiyo siku ya kwanza ya maisha yao ambayo ukoo mzima umewatazama wao tu. Jambo hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu anayekimbia anakimbia pia kutoka katika heshima. Anaacha karamu iliyoandaliwa kwa ajili yake, anamwaibisha mama yake mbele ya wageni, anawaacha marafiki wa rika lake wapite bila yeye katika hatua ambayo watakuwa wakiikumbuka pamoja hadi uzeeni. Anafanya hivyo akiwa na miaka 11 au 13. Sijui watu wazima wangapi makanisani mwetu wamewahi kulipa gharama ya aina hiyo kwa ajili ya imani yao.

Sasa tuulize Maandiko yanasema nini juu ya mtu aliyekwisha kuachwa huru. Torati ina amri ambayo mahubiri yetu huipita haraka. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 15, bwana anayemwachia mtumwa wake katika mwaka wa saba anakatazwa kumwacha aondoke mikono mitupu. Anaagizwa ampe kutoka katika kundi lake la mifugo, kutoka katika uwanja wake wa kupuria nafaka na kutoka katika shinikizo lake la divai, na sababu inayotolewa ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa Misri. Torati inaona kwamba mtu aliyeachwa huru bila chakula, bila mifugo na bila mbegu atarudi utumwani kabla mwaka haujaisha. Ndiyo sababu uhuru katika amri hiyo unahesabiwa kwa mbuzi na magunia. Na nabii Yeremia, katika sura ya 34 ya kitabu chake, anaeleza yale yanayotokea amri hiyo isipotimizwa. Yerusalemu ilipozingirwa na Babeli, wakubwa wa mji waliapa mbele za Mungu kuwaachia watumwa wao Waebrania, wakawaachia. Hatari ilipoonekana kupungua wakawakamata tena. Hasira ya Mungu katika sura hiyo ni kali kuliko katika sehemu nyingi za kitabu, na inawaangukia watu waliotangaza uhuru kisha wakaubatilisha. Msichana anayepewa hifadhi mwezi Desemba, akarudishwa nyumbani Januari bila mtu wa kumfuatilia, akakeketwa Februari kwa siri, ametendewa jambo lilelile.

Afrika Mashariki tunayo historia yetu juu ya gharama hii, na haianzii Mara. Huko Rabai, karibu na Mombasa, katika miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kituo cha misheni ya Waanglikana. Kiongozi wa Kanisa pale alikuwa William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Rasmi, misheni ilikatazwa kuwapokea watoro, kwa sababu ingechochea vita na wenye mashamba. Waliendelea kuja, wakajenga nyumba, wakalima, wakabatizwa. Mwaka 1888 idadi yao ilipojulikana, pwani ilichafuka na kituo kikawa hatarini kushambuliwa. Suluhu ilipatikana kwa fedha: George Mackenzie wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki alikubaliana na wenye watumwa wapokee fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati zao za uhuru. Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki, kwa nini alipwe aliyemiliki mwanadamu badala ya aliyemilikiwa. Swali hilo halijapoteza uzito. Lakini Rabai inatufundisha kwamba tangazo la madhabahuni halikutosha kumlinda mtoro. Mtu alilazimika kutia mkono mfukoni, na mtu mwingine, Jones, alikuwa amekwisha kuhatarisha kazi na usalama wake miaka kadhaa kabla fedha hazijaja.

Kinyume chake ni Kenya ya kati. Mwaka 1929 misheni ya Waskoti huko Kikuyu, ikiongozwa na Dk. John Arthur, iliwataka waumini wake waapishwe na kutia sahihi au dole gumba kwamba wameukana ukeketaji. Kwa muda mfupi sehemu kubwa ya waumini waliondoka. Wakaanzisha shule na makanisa yao huru, na Januari 1930 mmisionari Hulda Stumpf aliuawa nyumbani kwake Kijabe. Misheni ilikuwa sahihi kuhusu mwili wa msichana. Ilikosea kuhusu gharama, kwa kuwa iliipeleka yote kwa Wakikuyu: wao wapoteze ukoo, wao wapoteze shule za watoto wao, tena wakati ardhi yao ilikuwa tayari imechukuliwa na watu wa rangi moja na wamisionari hao. Mwaka 1956, huko Meru, baraza la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni, na wasichana wakaitikia kwa kukeketana wenyewe msituni. Marufuku iliyoshushwa juu ya vichwa vya wasichana bila kuwapa chochote cha kushika iliufanya wembe uwe bendera. Kusini mwa Tanzania, Vincent Lucas wa misheni ya Waanglikana ya UMCA, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, alichukua njia nyingine: aliyahifadhi mafunzo na sherehe za jando la wavulana na malango ya wasichana, akayaingiza ndani ya Kanisa, akayaondoa yale aliyoona hayapatani na Injili. Wapo waliomlaumu kwa kuubatiza upagani. Mimi naona alikuwa ameelewa kwamba kijana hawezi kuambiwa aache mlango wa utu uzima bila kuonyeshwa mlango mwingine.

Juhudi za leo mkoani Mara zimerithi somo hilo, iwe kwa kujua au kwa kubahatisha. Kituo cha Kikatoliki cha Masanga, wilayani Tarime, kimekuwa kikiwapokea wasichana wakati wa msimu tangu 2008. Hukaa humo wiki kadhaa, hufundishwa juu ya miili yao, haki zao na hata yale mema ya mila ya Kikurya, kisha hufanyiwa sherehe ya kuhitimu, wakiimba na kushangiliwa mbele ya wageni. Huko Mugumu, Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama mwaka 2014 ikiongozwa na Rhobi Samwelly, mwanamke ambaye ameeleza hadharani jinsi alivyokeketwa kwa nguvu utotoni akaponea chupuchupu. Mwaka 2017 yeye alianzisha shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, linaloendesha nyumba za namna hiyo. Wajitolea wa vijijini walipewa simu za kisasa za kutolea taarifa, na watu wa nchi nyingi wakashirikiana kuchora ramani ya vijiji vya Mara kwenye intaneti, kwa kuwa polisi walikuwa wakipoteza saa nyingi usiku wakitafuta kijiji ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote.

Msimu ukiisha ndipo kazi ngumu huanza. Wazazi huitwa, au hufuatwa nyumbani. Anakuwapo afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii, mtumishi wa nyumba salama, na mara nyingine mwenyekiti wa kijiji. Mbele yao huwekwa karatasi ambayo baba na mama wataahidi kwa sahihi kwamba binti hatakeketwa wala kuozeshwa. Anayeitazama karatasi hiyo ataona ni jambo la dakika moja, lakini baba aliyekaa kwenye benchi lile anaombwa aandike jina lake chini ya hasara. Wengine husaini na kushika ahadi. Wengine husaini na kuvunja. Wengine hukataa, na mtoto hubaki, na hapo ndipo hesabu za nyumba salama zinapobadilika kutoka wiki sita kuwa miaka sita: ada na michango ya shule, sare, viatu, daftari, unga na maharage ya kila siku, sabuni, taulo za kike, dawa za malaria, na kwa ambaye shule haikumwendea vizuri, cherehani na fundi wa kumfundisha kushona. Hiyo ndiyo Kumbukumbu la Torati sura ya 15 kwa lugha ya Mugumu. Fedha zake nyingi zimekuwa zikitoka nje ya nchi. Wafadhili hao wanastahili shukrani, lakini ufadhili una mwisho wake, na binti wa miaka 12 anahitaji mtu wa kumtazama mpaka afike 18 na zaidi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya yote haya hutoka ndani ya Kanisa, na ni zito. Amri inasema waheshimu baba yako na mama yako. Inakuwaje Kanisa limpokee mtoto aliyewatoroka wazazi? Jibu halitakiwi kuwa jepesi, kwa sababu mtoto kutengwa na mama yake ni jeraha, hata kama mama alikuwa amekosea. Lakini barua hiyohiyo kwa Waefeso inayowaagiza watoto kutii inawageukia baba mara moja na kuwawekea mpaka. Na mfano ulio karibu zaidi na nyumba salama ni barua fupi kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, Filemoni, akamkuta Paulo kifungoni. Paulo alimrudisha, na wenye watumwa wa karne zilizofuata waliitumia vibaya habari hiyo kuwarudisha watoro minyororoni. Ambacho hawakukitaja ni masharti. Paulo alimtaka Filemoni ampokee kama ndugu, asimpokee tena kama mtumwa, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, atalipa yeye, na akasema anatarajia kufika mwenyewe nyumbani hapo. Mtoto anaweza kurudishwa kwa wazazi kwa njia hiyo tu: kwa barua, kwa mdhamini, na kwa mtu atakayebisha hodi tena baada ya mwezi mmoja. Kanisa linalomrudisha bila hayo limemtelekeza, na kumtelekeza mtoto si kuwaheshimu wazazi wake.

Pingamizi la pili ni la wazee. Mwacha mila ni mtumwa, husema, nao wanaona wageni wenye magari na kamera wakija kuwafundisha Wakurya namna ya kulea. Siyapuuzi malalamiko yao. Mila ya Kikurya ina mengi ambayo Tanzania ingefaa kujifunza: nidhamu ya marika, ujasiri, wajibu wa ukoo kwa mjane na yatima. Lakini mila ambayo haiwezi kupoteza kitu kimoja bila kufa ingekuwa dhaifu sana, na mila ya Kikurya si dhaifu. Imekwisha kuacha mengi na ingali hai. Tena wapo wazee wa mila mkoani Mara waliokwisha kutamka hadharani dhidi ya ukeketaji, na Mkurya anayesimama mbele ya Wakurya wenzake kusema hivyo analipa gharama kubwa kuliko mfadhili yeyote. Hao wanahitaji kukingwa kuliko kupigwa picha. Sheria nayo ina pengo lake, kwa kuwa inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu, tofauti na ya Kenya ya 2011 inayokataza kwa umri wote. Mwanamke mzima asiyekeketwa anaweza kubanwa siku anapoolewa au anapojifungua, na kubanwa na ukoo mzima ukiwa peke yako hakuwezi kuitwa hiari.

Lipo na la tatu, ambalo huzungumzwa chini chini: kwamba wasichana waliotoroka huzoea kukataa kila kitu, na uhuru huwa kisingizio cha uhuni. Paulo alilijua pingamizi hili. Katika sura ya tano ya Wagalatia aliwaonya kwamba wasiutumie uhuru kufuata tamaa bali watumikiane kwa upendo. Uhuru wa Kikristo kweli una wajibu, na msichana aliyeokolewa anao wake: kusoma, kusema ukweli, kumheshimu mama hata anapomkatalia, na siku moja kumfungulia mlango mdogo wake. Wengi wao wanautimiza bila kuhubiriwa. Ila ajabu yangu ni kwamba mahubiri ya wajibu huelekezwa kwake yeye kwanza, aliyekwisha kulipa, kabla hayajaelekezwa kwa wengine wote waliomo kanisani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yuko kijana wa kwaya mwenye umri wa kuoa, ambaye angeweza kusema mbele ya baba yake kwamba ataoa msichana asiyekeketwa na atatoa mahari ileile. Tamko hilo lingeibomoa hesabu ya ng'ombe kuliko semina kumi. Yuko mzee wa kanisa ambaye anajua tarehe iliyopangwa katika kijiji chake na hajaitaja kwa mtu. Yuko mchungaji anayeufahamu msimu vizuri, lakini mwezi Novemba huhubiri juu ya ujenzi wa mnara wa kengele.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara, alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia, kwa kifupi, kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupigana na mifumo inayowaweka watu katika hali duni litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma. Wakati ule alikuwa akiuzungumzia umaskini wa dunia. Maneno hayo yanafika pia kwenye boma lenye mfumo ulio wazi kuliko mwingine wowote, ambamo ng'ombe wa kaka hulipiwa kwa mwili wa dada. Serikali ina sehemu yake, na si ndogo: sheria inatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15, lakini inamruhusu pia hakimu atoze faini isiyozidi shilingi 300,000 tu, kiasi ambacho ukoo mmoja unaweza kukichanga kwa siku moja. Bunge linaweza kukirekebisha kifungu hicho. Lakini hakuna sheria inayoweza kumpa msichana familia ya pili, na Kanisa linajiita familia.

Kwa hiyo neno langu ni kwa mabaraza ya wazee, kamati za parokia na jumuiya ndogondogo, huko Mara na pia Mwanza, Arusha na Dar es Salaam wanakoishi watoto wa Mara wenye mishahara. Bajeti za makanisa mengi hupitishwa mwishoni mwa mwaka, wakati uleule wa msimu. Ulizeni kama kuna fungu la kumsomesha msichana mmoja hadi kidato cha nne. Kama halipo, liwekeni, hata likilazimisha mnara kusubiri. Wapeni nyumba salama zilizo karibu nanyi unga, maharage na ada mnazovuna na kuchanga nyinyi wenyewe, ili siku mfadhili wa nje akiondoka asiondoke na uhuru wa mtoto. Wateueni watu wawili katika kila usharika ambao kazi yao itakuwa kumtembelea binti aliyerudishwa nyumbani, kila mwezi, kwa miaka, na kukaa na baba yake pia. Na ukisikia leo kwamba siku imepangwa, usisubiri bajeti: namba ya simu ya kumsaidia mtoto Tanzania nzima ni 116, na kupiga ni bure.